Northern Soul: uanzie Manchester, Tunstall, Blackpool au Wigan?

Anayeulizia Northern Soul, yaani soul ya Marekani iliyofufuliwa na kuchezwa kwenye klabu za kaskazini mwa Uingereza, kwa mara ya kwanza huelekezwa mji wa Wigan. Filamu zimepigwa Wigan, mikusanyo ya nyimbo imepewa jina la Wigan, hata fulana zinazouzwa leo zina nembo ya Wigan Casino, klabu ya mji huo. Sina ugomvi na Wigan. Tatizo ni kwamba anayeanzia pale bila kujua yaliyotangulia, wala nani alikuwa akishindana na nani, hujaziwa vibao vya kasi moja mfululizo, akachoka, akaondoka akiamini ameshaujua muziki huu. Milango ya kuingilia iko minne, yaani klabu nne za miji niliyoitaja juu, na ladha ya ndani si moja. Nimeipanga hapa sambamba ili uchague unaokufaa wewe.

Kwa ambaye jina ni geni, tuanze na muziki wenyewe. Katikati ya miaka ya 1960 mafanikio ya Motown, kampuni ya santuri kule Detroit, yaliamsha watu wengi. Kila mwenye studio ndogo Detroit, Chicago, Philadelphia au Los Angeles alitaka kutoa kibao cha aina ya Supremes au Four Tops: besi inayotembea, tari linalogonga bila kupumzika, violini na tarumbeta kwa juu, na mwimbaji anayelilia penzi lililomponyoka. Vingi vya vibao hivyo vilikuwa vizuri kweli. Vingi pia havikununuliwa. Lebo, yaani kampuni iliyotoa santuri, haikuwa na fedha za kuvisukuma redioni, zikachapishwa santuri chache, zilizobaki zikafa ghalani.

Waliovifufua walikuwa vijana wa kaskazini na katikati ya Uingereza: wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda vya pamba wa Lancashire, watu wa viwanda vya vyombo vya udongo wa Stoke-on-Trent, mafundi wa karakana za chuma za Wolverhampton. Wiki nzima zamu kiwandani, Jumamosi usiku dansi mpaka Jumapili kukicha. London ilipohamia kwenye funk na roki, wao hawakuhama. Dave Godin, mwandishi aliyekuwa na duka la santuri la Soul City pale Covent Garden, aliona mashabiki wa mpira kutoka kaskazini wakifuata timu zao London, wakipita dukani kwake, na mzigo mpya hawautaki. Walitaka soul ya kasi ya miaka michache iliyopita. Mwaka 1968 akawaambia wauzaji wake kwamba mteja wa namna hiyo akiingia, atolewe "northern soul". Mwaka 1970 akaliandika jina hilo kwenye safu yake katika jarida la Blues & Soul, na likashika.

Nasi tulikuwamo kwenye zama hizo, ingawa kwa njia nyingine. Novemba 1969 mamlaka za Mkoa wa Pwani zilipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, zikitetea utamaduni wa taifa. Kwa hiyo miaka ileile ambayo kijana wa Manchester alikuwa akiandamwa na polisi kwa kukesha na soul, kijana wa Dar naye alikuwa akizuiwa kuicheza. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaoona muziki huu ni habari za Waingereza peke yao.

Saa za mlango

Ukitaka kuelewa tofauti ya klabu hizi nne, angalia kwanza zilifunguliwa na kufungwa saa ngapi. Orodha ya nyimbo inafuata hapo.

Twisted Wheel ya Manchester ilifunguliwa mwaka 1963 mtaa wa Brazennose, ikahamia mtaa wa Whitworth Septemba 1965. Ilikuwa vyumba vya chini, giza, kuta zimepambwa kwa magurudumu ya chuma, na kinywaji kilikuwa kahawa na soda. Mkesha wa Jumamosi ndio uliokuwa roho yake. Golden Torch ilikuwa Tunstall, mmoja wa miji inayounda Stoke-on-Trent, ndani ya jengo lililowahi kuwa kanisa na baadaye sinema, limebanwa katikati ya nyumba za wafanyakazi zilizoungana ukuta kwa ukuta. Mikesha yake ilianza Machi 1972 na kuisha Machi 1973. Mwaka mmoja tu, na bado watu wanaizungumzia.

Blackpool Mecca ni habari nyingine kabisa. Blackpool ni mji wa pwani wa mapumziko, na Mecca lilikuwa jumba kubwa la starehe. Wapenzi wa soul walikuwa na ukumbi wao ghorofani, Highland Room. Palikuwa na baa, watu walivaa vizuri, na saa nane usiku taa zinawashwa, mnakwenda.

Saa nane hiyohiyo ndiyo Wigan Casino ilikuwa inafungua. Mkesha wa kwanza ulikuwa tarehe 23 Septemba 1973, katika ukumbi wa zamani wa dansi ulioitwa Empress, mtaa wa Station Road, na DJ wa kwanza kupiga alikuwa Russ Winstanley. Walicheza mpaka saa mbili asubuhi. Pombe haikuuzwa. Kwa kuwa Wigan ilianza pale wengine walipomalizia, ilipokea watu kutoka kila upande: walitoka kwenye klabu za miji yao, wakapanda magari na treni, wakafika wakiwa wameshapashwa. Wapo waliocheza Blackpool mpaka saa nane kisha wakakimbilia Wigan usiku uleule.

Mtu anayecheza kwa muda wa saa nne huku akinywa bia anaweza kupigiwa kibao cha kutuliza, chenye nafasi ndani yake, na akakifurahia. Mtu anayecheza kwa muda wa saa sita mfululizo kuanzia saa nane za usiku, baada ya kufanya kazi wiki nzima, anahitaji muziki unaomwinua. Hapa siwezi kuficha jambo ambalo mabango ya kumbukumbu huliruka: wengi walikuwa wakimeza amfetamini. Vidonge vile viliweka watu macho, vikavutia polisi, na vikawaua baadhi ya vijana. Viliubadilisha hata muziki. Roger Eagle, DJ aliyeijenga Twisted Wheel kwa blues, rhythm and blues na soul ya kila aina, aliondoka mwaka 1966 akiwa amechoshwa na ukumbi uliotaka kasi moja usiku kucha. Mabishano yaliyokuja kuwagawa Blackpool na Wigan yalianzia pale kwenye vyumba vya chini vya Manchester.

Sakafuni

Kama kinachokuvuta ni uchezaji, ulinganisho unakuwa mfupi: Wigan haina mpinzani. Ukumbi wa Empress ulikuwa na sakafu ya mbao iliyojengwa kwa ajili ya dansi, inayonesa chini ya mguu, na roshani iliyozunguka juu ambako waliochoka walikaa wakitazama wengine.

Mchezaji alifika na begi. Ndani yake fulana za kubadilisha, taulo, na kopo la poda. Viatu vilikuwa vya soli ya ngozi, kwa kuwa mpira hushika mbao. Alitafuta nafasi yake, akanyunyiza poda kidogo sakafuni, akaikanyagakanyaga mpaka mguu uteleze, ndipo akaanza: hatua za pembeni, kwenda na kurudi, kiwiliwili kimetulia huku miguu ikikimbia. Ngoma ikivunjika anazunguka mara tatu nne mahali pamoja, anajirusha nyuma mpaka kiganja kiguse sakafu, anainuka kabla mdundo haujarudi. Kwenye pigo fulani la wimbo ukumbi mzima unapiga makofi kwa pamoja bila kuambiwa na mtu. Hakuna wa kumwomba dansi na hakuna wa kumshika mkono. Kila mtu anacheza peke yake, mwanamume kwa mwanamke, na hakuna anayemtazama mwenzake vibaya kwa hilo. Suruali pana na sketi za duara zilikuwa na kazi yake: zinajaa upepo mtu akizunguka.

Joto lilikuwa kali kiasi kwamba jasho lilipanda kama mvuke mpaka darini, likarudi chini kama matone. Jumapili asubuhi wengi walikwenda kuoga kwenye mabwawa ya kuogelea ya mji kabla ya safari ya kurudi nyumbani.

Twisted Wheel ilikuwa na uchezaji wake, na baadhi ya mitindo ya kuzunguka na kujirusha ilionekana pale kwanza, lakini vyumba vilikuwa vidogo. Torch ilikuwa na nafasi zaidi na msongamano zaidi pia. Blackpool walicheza kwa staha, hatua laini, mapambo machache. Ukitazama picha za video za leo za vijana wanaofufua uchezaji huu, karibu wote wanafuata Wigan, na ni haki.

Ndani ya sanduku la DJ

Hili ndilo eneo ninaloomba ulipe muda, maana ndipo klabu hizi zinapotofautiana kwelikweli.

Zote zilikabiliwa na swali moja. Muziki waliokuwa wakiupenda ulirekodiwa, kwa sehemu kubwa, kati ya mwaka 1964 na 1968. Marekani wenyewe walikuwa wameshaendelea mbele. Ukipiga vibao vilevile kila wiki vinachakaa, na vipya vya aina ile havitengenezwi tena. Ufanye nini?

Twisted Wheel haikuumizwa sana na swali hilo kwa sababu ilikuwa karibu na chemchemi. Ilipiga santuri zilizokuwa zikitoka wakati ule, nyingi zikiwa zimechapishwa Uingereza kwenyewe, pamoja na chache zilizoagizwa. Darrell Banks na "Open the Door to Your Heart" ya mwaka 1966 ni mfano safi: wimbo wenye kasi ya wastani, kanisa likiwa bado limo kwenye sauti ya mwimbaji, na kibwagizo ambacho ukikisikia mara moja unakiimba. Waimbaji wenyewe walifika, wakiwemo Edwin Starr na Junior Walker. Ladha ya Wheel ni pana kuliko zote nne. Utakuta soul nzito ya kusini ya Marekani, utakuta blues, utakuta Motown inayojulikana na kila mtu.

Torch ilijibu kwa kasi na uhaba. Hapo ndipo santuri adimu ilipoanza kuwa jambo la heshima, na hapo ndipo vibao visivyo na mwimbaji, ngoma na vinanda vitupu kama "Exus Trek" ya Luther Ingram Orchestra, vilipopata ukumbi wa kuvipokea. DJ wake Keith Minshull na Colin Curtis walijua kupandisha ukumbi mpaka dari litetemeke. Usiku unaokumbukwa zaidi ni wa Desemba 1972, Major Lance wa Chicago alipopanda jukwaani. Mtu huyu alitamba na lebo ya Okeh mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa nyimbo za Curtis Mayfield, na nyumbani kwao nyota yake ilikuwa imefifia. Tunstall walimpokea kama mfalme, onyesho likarekodiwa, likatolewa kama santuri ndefu. Kwa anayetaka kuusikia umati wa Northern Soul, mbali na nyimbo zake, rekodi hiyo haina mbadala.

Halafu wakaja wawili wanaopingana.

Blackpool Mecca walisema: kama soul ya zamani inakwisha, tusonge mbele na soul mpya. Ian Levine, DJ kijana wa palepale Blackpool ambaye familia yake ilikuwa ikisafiri kwenda Miami, alirudi na santuri kwa maelfu. Awali zilikuwa za miaka ya 1960 na zilikuwa hazina. Baadaye akaanza kuleta za wakati uleule. Kibao kilichogeuza meli ni "It Really Hurts Me Girl" cha The Carstairs: mdundo unaoyumba kidogo, besi iliyolegea, maumivu yaleyale ya zamani kwenye sauti, lakini mavazi ya miaka ya 1970. Levine na Colin Curtis, aliyekuwa ameshahamia Blackpool, wakaendelea hivyo mpaka wakafika kwenye disko na soul ya kisasa. Wahafidhina walikasirika. Zilifika siku za mabango ya kumtaka Levine aondoke.

Wigan walisema: hapana, hazina ya zamani haijaisha, tuchimbe zaidi. Winstanley, Kev Roberts na Richard Searling walichimba kweli. Searling aliiokota Marekani, mwaka 1973, santuri ya Gloria Jones ambayo upande wa pili ilikuwa na "Tainted Love", wimbo uliopuuzwa tangu mwaka 1965. Sakafu za kaskazini ziliufanya wimbo wa taifa lao, na mwaka 1981 kundi la Soft Cell wakaurekodi upya na kushika namba moja Uingereza. Kwa hiyo wimbo ambao nusu ya dunia inaujua ulipita kwanza kwenye mikono ya vijana wa viwandani. Hata ule mlio wa gitaa wa "The Rockafeller Skank" ya Fatboy Slim mwaka 1998 umetoka kwenye "Sliced Tomatoes" ya Just Brothers, santuri iliyopendwa kwenye sakafu za Northern Soul.

Ila kuchimba kuna hatari yake. Sakafu inayotaka kasi tu itapewa kasi, hata isiyo na soul ndani. Wigan ilifika mahali ikapiga muziki wa utangulizi wa kipindi cha watoto cha televisheni, "Joe 90", na nyimbo za pop za kizungu ambazo sifa yake pekee ilikuwa mdundo. Mwaka 1975 kundi lililoitwa Wigan's Chosen Few lilionyeshwa kwenye televisheni ya taifa likiwa na kibao ambacho mpenzi wa soul hawezi kukitetea. Haikuwa Wigan nzima. Chumba cha pili, Mr M's, kilishika zilipendwa na kiliwalinda wengi dhidi ya makapi ya ukumbi mkubwa. Na zile nyimbo tatu zilizofunga kila mkesha, za Tobi Legend, Jimmy Radcliffe na Dean Parrish, zilizopigwa kwa mpangilio uleule kabla ya saa mbili asubuhi, ni miongoni mwa dakika nane nzuri kabisa ambazo muziki huu umewahi kutoa.

Niseme wazi ninaposimama: kimuziki, Blackpool walikuwa sahihi. Waliamini kwamba soul ni kitu kinachoendelea kuishi, na kwamba watu weusi wa Marekani waliokuwa wakirekodi mwaka 1975 walistahili kusikilizwa mwaka 1975, badala ya kusubiri miaka kumi wasahaulike kwanza ndipo wapendwe. Linanigusa sana hilo. Lakini kibinadamu Wigan ilibeba watu wengi zaidi, wanachama wanaotajwa kufikia 100,000, na kwa wengi wao lilikuwa jambo pekee la wiki walilolichagua wenyewe.

Uhaba na karatasi juu ya lebo

Yapo mazoea ya Northern Soul ambayo mgeni huyashangaa, na makubwa zaidi ni ya kufunika lebo. DJ akipata santuri isiyojulikana na mtu, alibandika karatasi juu ya lebo, ile duara ya katikati ya santuri yenye jina la mwimbaji, na kumtangaza mwimbaji kwa jina la uongo. Washindani walisogea jukwaani kuchungulia, wasiambulie kitu. Wimbo ukawa wake peke yake kwa miezi, na anayeutaka lazima aende alipo.

Mfano mkubwa ni "Do I Love You (Indeed I Do)" ya Frank Wilson. Ilirekodiwa mwaka 1965 kwa lebo ya Soul, iliyokuwa chini ya Motown. Nakala za majaribio zilichapishwa, kisha mpango ukafutwa na karibu zote zikaharibiwa. Wilson akaendelea na kazi ya utayarishaji humohumo Motown. Zaidi ya miaka 10 baadaye Wigan wakawa wanaucheza wimbo huo kwa jina la Eddie Foster. Kwa muda mrefu nakala asili zilizojulikana zilikuwa mbili. Moja iliuzwa kwa pauni 25,742 mwaka 2009, na mwaka 2020 nakala ikauzwa kwa pauni 100,000.

Watu huisimulia habari hii kwa furaha, nami naipenda, lakini ina upande unaoniuma. Wakati santuri zinauzwa kwa bei hizo, na wakati mafundi wa nakala za wizi wanachapisha vibao vya Wigan kwa maelfu, mwimbaji mara nyingi alikuwa Detroit au Chicago akifanya kazi nyingine, hajui kama kuna mji Uingereza unaokesha na sauti yake, na senti hapati. Baadhi walitafutwa na kualikwa miaka mingi baadaye, wakapanda jukwaani wakiwa wazee na kukuta ukumbi mzima unaimba maneno waliyoyasahau wao wenyewe. Ngumi iliyokunjwa kwenye beji za Northern Soul imetokana na saluti ya harakati za watu weusi wa Marekani. Anayeivaa ana deni kwa waimbaji hao.

Zilivyofungwa

Twisted Wheel ilibanwa na polisi na baraza la jiji kwa sababu ya vidonge, ikafunga mwanzoni mwa 1971. Jengo la mtaa wa Whitworth lilibomolewa mwaka 2013 kupisha hoteli. Torch ilinyimwa leseni. Highland Room ilizima mwishoni mwa miaka ya 1970, na jumba lote la Mecca likabomolewa mwaka 2009. Wigan ilidumu mpaka Desemba 1981. Halmashauri ilitaka ardhi ili ipanue majengo yake ya utawala, moto ukaliteketeza jengo tupu mwaka 1982, upanuzi wenyewe haukufanyika kamwe, na leo mahali pale ni sehemu ya maduka.

Basi uchague

Kama wewe umelelewa na Motown, Otis Redding na Sam Cooke nyumbani kwa wazazi, anzia Twisted Wheel. Hutashtuka, na taratibu utaanza kusikia waimbaji usiowajua wakisimama sawasawa na unaowajua. Sikiliza Darrell Banks, kisha "Baby Reconsider" ya Leon Haywood. Huo wa pili ukikukaa, umeshaingia.

Kama unapenda onyesho la moja kwa moja, kelele za umati na bendi inayotokwa jasho, chukua rekodi ya Major Lance pale Torch. Usitafute zaidi ya hapo kwa Torch mwanzoni. Maisha yake yalikuwa mafupi na nyimbo zake nyingi zilirithiwa na Wigan.

Kama unacheza, au unafundisha dansi, au una watoto nyumbani wasiotulia, nenda Wigan bila kusita. Ila nenda na mkusanyo uliochaguliwa na mtu mwenye masikio, uchanganye na zile tatu za kufungia, na usisikilize zaidi ya nyimbo kumi kwa mkupuo ukiwa umekaa. Muziki ule uliandaliwa kwa mwili uliosimama. "Landslide" ya Tony Clarke kwenye kiti ni wimbo mzuri. Ukiwa wima, tarumbeta zile zinakufukuza chumba kizima.

Na kama sikio lako limezoea muziki unaochukua muda kujenga, iwe rhumba yenye sebene ndefu, iwe disko au house, mlango wako ni Blackpool. Naamini wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wako hapa, ndiyo maana nasikitika kuona wote wakielekezwa Wigan. Anza na The Carstairs, fuata kazi ambazo Levine mwenyewe alizitayarisha, kama "Weak Spot" ya Evelyn Thomas ya mwaka 1976, na utaona barabara inavyonyooka mpaka "High Energy" ya mwaka 1984, mwimbaji yuleyule na mtayarishaji yuleyule, kibao kilichotingisha disko za dunia nzima.

Aliye Uingereza, au anayepita huko, asikae nyumbani na spika. Mikesha ya 100 Club, Oxford Street, London, iliyoanzishwa na Ady Croasdell, imekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na haina chuki ya Wigan na Blackpool: utasikia adimu za zamani na za kutuliza kwenye usiku mmoja.

Santuri asili, chapa mpya au nakala ya wizi

Swali hili litakujia ukishanogewa. Kwa DJ wa Northern Soul, kupiga santuri asili ya inchi 7 ni suala la heshima, na kumbi nyingi hazikubali kingine. Kwa msikilizaji wa kawaida sheria hiyo haina maana, na bei zake zitakuumiza bure.

Nakala za wizi za miaka ya 1970 zimejaa mitandaoni na nyingine zinauzwa kama kumbukumbu. Ziache. Sauti mara nyingi ni mbovu, na mwimbaji hakulipwa wakati ule wala hatalipwa sasa.

Chapa mpya halali ndizo ninazozipendekeza kwa moyo wote, hasa za lebo ya Kent, iliyoanza mwaka 1982. Croasdell, huyohuyo wa 100 Club, aliingia kwenye ghala za kanda za kampuni za Marekani akaibua nyimbo ambazo hazikuwahi kutoka kabisa, akaziandikia maelezo ya nani aliimba, nani alipiga, studio gani, mwaka gani. Kwa anayejifunza, maelezo yale ni nusu ya thamani. Na usifikiri kwamba utakosa vile vibao vikubwa kwa kuwa huna pauni 100,000: Tamla Motown ya Uingereza iliichapisha "Do I Love You" rasmi mwaka 1979, ikiwa na jina la Frank Wilson kwenye lebo, bila karatasi juu yake.